Mashini haimalizi wimbo: siku yangu ya kwanza mu studio

Leo ninahakiki wimbo ambao hamujausikia. Ni wimbo wangu mwenyewe. Niliurekodi hapa Lubumbashi, mu studio ya kweli, ile yenye povu ukutani na kioo kati ya mwanamuziki na mashini. Nililipa makuta niliyoweka miezi mine, nikifundisha watoto wa jirani hesabu kila jioni. Wimbo umetoka safi, hauna kelele hata kidogo. Na haufai.

Niseme kilichotokea. Fundi alinivalisha kaske. Ndani mulikuwa mulio mumoja tu: tik, tik, tik. Nyumbani gitaa yangu inafuata muguu wangu. Pale nilipaswa kufuata muguu wa mutu nisiyemuona. Vidole vikaganda. Tena, beti la pili sikuwa nimelimaliza. Nilijiambia maneno yatakuja palepale. Hayakuja, na saa ilikuwa inakula makuta yangu. Fundi, kijana wa heshima, akaniambia: "Yaya, usiogope, tutatengeneza mu mashini." Na kweli alitengeneza: alichukua kiitikio kimoja akakibandika mara tatu, akanyoosha sauti yangu mahali ilipokuwa imepinda. Nilitoka nikicheka. Kufika nyumbani, nikaona haya kumusikilizisha baba.

Usiku ule nilisikiliza "Masanga" ya Jean Bosco Mwenda. Wengi wetu tunaijua kama muziki wa wazee. Ilirekodiwa mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kunasa sauti. Hapakuwa studio kama hii yangu. Ni gitaa moja. Lakini sikiliza vizuri: kidole gumba kinashika njia ya chini, kidole kingine kinajibu juu, unadhani wapigaji ni wawili. Mwendo haukufungwa na tik-tik yoyote, lakini hautetereki. Sahani ya wakati ule, ya mizunguko 78, ilibeba karibu dakika 3 kila upande. Mwenda hakuwa na nafasi ya kutafuta wimbo wakati mashini inazunguka. Alikuja nao.

Mutu atasema: basi studio ndiyo mbaya. Hapana, hapo sikubali. Wendo aliimba "Marie-Louise" mwaka 1948 kwa Ngoma, kampuni ya sahani ya Wagiriki kule Léopoldville, Henri Bowane akipiga gitaa, na wimbo ule ulivuka mipaka. Franco aliingia Loningisa mwaka 1953, akiwa na miaka 15 tu. Lakini kabla ya mikro, Franco alikuwa amepiga gitaa mu soko la Ngiri-Ngiri, pale mama yake alipokuwa anauza mikate ya kukaanga. Soko halina huruma. Ukipiga vibaya, watu wanapita. Kwa hiyo mikro ilimukuta kijana ambaye wanunuzi walikuwa wameisha kumusahihisha.

Miye nani alinisahihisha? Hakuna. Wimbo wangu ulitoka chumbani ukaingia mu studio, haukupita kwa watu. Ndiyo maana ninakataa kumulaumu fundi. Alifanya kazi niliyomulipa: kufunika shimo. Mashini ya leo ina nguvu kabisa. Inaweza kunyoosha sauti, kupanga mapigo, kufuta kikohozi. Haiwezi kujua nilitaka kumuambia nani kitu gani mu beti la pili.

Sisi wahitimu ugonjwa huu tunaujua. Ni kama ile TFC iliyoandikwa usiku wa mwisho: jalada muzuri, kurasa zimepangwa, majedwali yana rangi, lakini mwalimu akiuliza swali moja tu, "Wewe unasema nini?", jasho linatoka. Wimbo wangu ni TFC ya namna ile. Una jalada.

Siutaki utoke, hata kama makuta yameisha kwenda. Nitaupiga kwanza mu ndoa, mu kilio, kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, watu wakipita. Watakaposimama, nitajua beti gani linashika. Watakapoondoka, nitajua gani la kutupa. Halafu nitafundisha tena hesabu, nitaweka tena makuta, nitarudi kwa kijana yule yule. Na safari hiyo nitamuomba kitu kimoja: azime ile tik-tik, afungue mikro, aniache nipige toka mwanzo mpaka mwisho. Kama kidole kitateleza, kiteleze. Baba atajua ni miye.