Msharasi wa Fundi Viatu

Fundi viatu wa mtaani kwetu aliupokea mpira wa watoto, akaupapasa pande zote, akaurudisha. Haushoneki, alisema. Vipande vyake vimegandishwa kwa moto; hakuna pa kupitisha msharasi. Wakautupa, na mimi nikaikumbuka timu ya Preston, iliyocheza na mipira ya kushonwa.

Mashabiki wa Arsenal wanaotamba na kikosi chao cha 2003/04, kilichomaliza ligi bila kushindwa, wakumbuke kuwa wametanguliwa. Septemba 8, 1888, ligi ya kwanza ya Uingereza ilipoanza na timu 12, Preston North End, timu ya mji wa viwanda vya pamba, iliilaza Burnley 5-2. Msimu ulipokwisha ilikuwa imeshinda mechi 18 kati ya 22 na kutoka sare nne. Magoli 74 ya kufunga, 15 ya kufungwa. Aston Villa, walioshika nafasi ya pili, waliachwa kwa pointi 11. Machi 30, 1889, Preston wakaichapa Wolverhampton Wanderers 3-0 pale Kennington Oval, wakabeba Kombe la FA bila kuruhusu goli hata moja. Ningesema nyavu zao hazikutikiswa, ila magoli ya siku hizo hayakuwa na nyavu.

Majina ya wachezaji wao John Goodall, Jimmy Ross na Fred Dewhurst yamebaki vitabuni. Ya walioishona mipira yao, nani anayajua? Na ile ilikuwa kazi! Ngozi nzito ilikatwa vipande, ikashonwa kwa ndani, ikageuzwa, bladda ikatiwa kupitia mdomo ulioachwa wazi, kisha mdomo ukafungwa kwa kamba kama kiatu. Mvua ikinyesha ngozi ilikunywa maji, mpira ukawa mzito, na aliyeupiga kichwa upande wa kamba aliondoka na alama pajini mwa uso. Uzi ukilegea upande mmoja tu, duara linapinda na pasi inakwenda kombo. Preston walisifiwa kwa pasi zao, na kila pasi ilipita kwanza mikononi mwa mshonaji.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama zake pia. Mjini Rugby aliishi fundi viatu, Richard Lindon, aliyeshona mipira enzi ambazo bladda ilikuwa kibofu cha nguruwe. Mkewe ndiye aliyevipuliza vibofu hivyo kwa mdomo, vikiwa vibichi, na inasimuliwa kuwa maradhi ya mapafu yaliyomuua yalitoka humo. Lindon akageukia bladda ya raba. Kila mpira tunaoujaza kwa pampu leo unadaiwa na mama yule.

Mpira wa Kombe la Dunia la 2022 ulikuwa na kifaa cha umeme ndani, ukachajiwa kabla ya mechi. Sibezi, ulisaidia waamuzi kuamua kuotea. Lakini teknolojia ya wakubwa inapoteremka mitaani huacha kifaa huko juu na kutuletea gundi tu. Mpira wa ngozi ulifumuka, ukashonwa, ukarithiwa na wadogo. Huu wa sasa ukiachia umekwisha.

Huko Sialkot, Pakistani, bado wapo wanaoshona kwa mkono. Walimu wa michezo mnaonunua mipira ya shule, kabla ya kuuliza bei, ulizeni kama inashoneka.