Urojo Kabla Haujaitwa Mix

"Mix ipo?" kijana aliuliza, simu mkononi, macho kwenye simu.

"Mix hakuna," bibi alijibu bila kuinua uso. "Urojo upo."

Waliokaa barazani wakacheka. Kijana naye akacheka, akapokea bakuli lake, akatafuta pa kukaa. Bibi peke yake hakucheka. Kwa watu wa rika lake, majina hayo mawili hayataji kitu kimoja. Urojo ni kile kilichomo sufuriani: kizito, cha manjano, kikali kwa embe bichi. Mix ni jina la vinavyotumbukizwa humo. Jina la kwanza linamsifu mpishi, la pili linahesabu vipande, na siku hizi katika Mji Mkongwe wa Unguja, kama ilivyo Dar es Salaam, ni hilo la pili linaloandikwa kwenye vibao.

Sufuria lake hukaa juu ya jiko la mkaa mdomoni mwa kichochoro, kuanzia alasiri hadi litakapokwisha. Pembeni kuna mabeseni yaliyofunikwa: bajia za dengu, kachori, viazi vya kuchemsha, mayai, chipsi za muhogo zilizoparwa nyembamba mpaka zinapitisha mwanga, chatini ya nazi na pilipili. Macho ya mteja huenda kwenye mabeseni. Macho ya bibi hayabanduki sufuriani.

Vinavyoingia kwenye urojo kila nyumba ya Unguja inavijua. Kazi iko kwenye wakati wa kila kimoja. Unga wa ngano ukiharakishwa hubaki na ubichi wake, na ubichi huo haufichwi na pilipili wala bajia. Mlaji huuhisi kwenye koo kabla hajajua ni nini. Kwa hiyo bibi hukoroga, na akishakoroga hukoroga tena. Hapimi kwa saa. Huinua upawa juu na kutazama namna urojo unavyorudi chini. Ukidondoka matone, bado. Ukimwagika kama maji, mtu ameiba unga. Ukining'inia kidogo kwenye ukingo wa upawa, kama unaosita, kisha ukateremka kwa pamoja, hapo ndipo manjano yameiva na mkaa unaweza kupunguzwa.

Ukali nao una adabu yake. Embe bichi huchemshwa na kupondwa, likayeyukia humo. Msimu wake ukipita hutumika ukwaju, ambao hutia rangi giza na kuacha utamu wa mbali, au ndimu, ambayo huingia mwisho kabisa kwa kuwa ikichemka huleta uchungu. Walaji wa zamani huonja kijiko kimoja wakakwambia ni mwezi gani. Walaji wa sasa hawaulizwi swali hilo, maana pahala pengi ukali unatoka kwenye pakiti ya unga mweupe na rangi inatoka kwenye kichupa, na vyote viwili havina msimu.

Ukweli usemwe: urojo si chakula cha kupendeza machoni. Picha yake haivutii hata ipigwe na nani. Mishkaki ndani yake ni mbwembwe. Nyama hulazimisha meno yafanye kazi wakati ulimi unataka kunywa. Yai halina ubaya, ingawa halina sababu. Kachori inastahili kuwamo, kwa sharti iwe imekaangwa siku hiyo hiyo, ganda lake lilainike nje na lisivunjike ndani. Chipsi za muhogo zitiwe mwishoni kabisa, ziliwe upesi. Chatini ya nazi haina mjadala.

Kinachokumbukwa zaidi na wazee wa mji, hata hivyo, ni bakuli.

Urojo ulinunuliwa kwa bakuli la nyumbani. Mtoto alitumwa nalo, pesa kaikunjia kwenye ngumi, na wauzaji waliyajua mabakuli ya mtaa kama walivyowajua wenyewe: hili la bati lenye pengo la rangi ni la nyumba fulani, hili la maua ni la mwalimu. Muuzaji hakuuliza kiasi. Aliangalia bakuli akajua nyumba ina watu wangapi na nani kati yao hali pilipili. Bajia zilifungwa mbali, kwenye kipande cha gazeti, ili zisilainike njiani. Kuzichanganya kabla ya kufika nyumbani kungehesabiwa uzembe wa muuzaji, na mtoto angerudishwa.

Safari ya kurudi ndiyo ilikuwa mtihani. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, vina baiskeli zinazotokea pasipo kengele, na bakuli la moto lililofungiwa kwenye kanga huunguza vidole hata kanga ikikunjwa mara mbili. Kila kona ilidai tone lake. Mtoto mjanja aliyapunguza matone hayo kwa kuyanywa mapema. Lakini urojo ulioiva vizuri una siri: ukiachwa dakika chache bila kuguswa hufanya utando juu, mwembamba, unaong'aa. Utando huo ulikuwa muhuri. Mama alipofunua bakuli na kuukuta umechanika pembeni, kwa upana wa mdomo mdogo, hakuhitaji shahidi.

Siku hizi hakuna muhuri wa kuvunja. Urojo unaopelekwa nyumbani hutiwa kwenye kontena la plastiki pamoja na kila kitu, kifuniko kikabanwa, na ukifika bajia zimekuwa mkate uliolowa. Inashangaza kidogo, kwa visiwa vilivyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara. Mfuko uliondoka, kontena likaingia, na bakuli la nyumbani halikuitwa tena.

Asili ya urojo haina hati. Bajia, kachori na ustadi wa unga wa dengu vilikuja na watu wa Gujarat na Kachi waliofanya biashara Unguja vizazi na vizazi. Muhogo na pilipili vilivuka bahari kutoka Amerika. Nazi na embe vilikuwa vimeshazoea pwani. Aliyevimimina vyote kwenye bakuli moja mara ya kwanza hakuacha jina, na yamkini hakudhani amefanya jambo.

Mji wenyewe umetunzwa kwa karatasi. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Milango ya nakshi inalindwa, na ni haki yake. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, habari ilienea dunia nzima. Sufuria la urojo huporomoka kwa namna nyingine. Siku moja mwenye nalo haonekani kichochoroni, wateja wanadhani anaumwa, na baada ya miezi miwili pale pana mtu anauza vifuniko vya simu.

Hatua chache kutoka hapo iko Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Usiku inawaka taa, moshi unapanda, vijana wa kofia nyeupe wanawaita wageni kwa lugha tano, na pizza ya Zanzibar inajazwa chokoleti na ndizi mbele ya kamera. Hawa ni wachuuzi hodari, na mtu hana sababu ya kuwaonea wivu. Tatizo ni kwamba urojo nao umefundishwa tabia za huko. Mabeseni yanaongezeka, bakuli linajaa, tomato ya chupa inapigwa juu kama sahihi, na chini ya rundo hilo lote kinachopaswa kuwa chakula kinakuwa maji ya manjano ya kusaidia vitu viteleze. Kadiri vipande vinavyozidi ndivyo anayekoroga anavyopunguza kukoroga, kwa kuwa hakuna atakayegundua.

Bibi wa kichochoroni bado anatwanga pilipili yake kwenye kinu, na nazi anaikuna kwa mbuzi. Mashine anayo, zawadi ya mwanawe. Anaitunza kabatini. Anakumbuka Unguja ilipokosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya baharini kutoka Bara ilipopata hitilafu, na mahoteli yalipoishi kwa jenereta. Kinu hakikuuliza kebo. Hata hivyo si hilo linalomfanya akishikilie. Pilipili ya mashine, asema, hutoa maji. Ya kinu hutoa mafuta.

Binti zake wawili wanajua kupika. Hakuna anayetaka kukaa alasiri nzima mbele ya moto, na mama yao hawalaumu. Mmoja anafanya kazi hotelini, Nungwi, ambako urojo upo kwenye menyu kwa kikombe kidogo cha kioo. Alimletea mama yake picha. Bibi aliitazama muda mrefu, akauliza kijiko kinaingiaje.

Magharibi ilipokaribia, kijana wa simu aliinuka, akashukuru kwa heshima, akaliacha bakuli barazani. Bajia zilikuwa zimekwisha, kachori zimekwisha, yai halikuwepo. Urojo ulikuwa umebaki zaidi ya nusu, na juu yake utando ulianza kushika. Bibi alilitazama bakuli. Akatazama kulia na kushoto, kana kwamba anatafuta mtoto wa kumpa, kisha akaliinamisha taratibu kwenye ndoo ya makombo.