Wekundu Uliofichika

Mjomba hakuanza na msasa wala rangi. Alianza na kipande cha shuka kuukuu jeupe, akakichovya kwenye maji ya sabuni, akasugua mahali padogo juu ya boneti, pa upana wa kiganja. Kisha akakigeuza kitambaa akanionyesha. Kilikuwa chekundu.

"Umeona? Rangi yenyewe ndiyo iliyotoka. Hili halina vanishi juu. Lapona."

Gari ni Peugeot 504. Ufaransa ilianza kuziunda mwaka 1968, na Afrika Mashariki ilizifahamu kwa vumbi lake: 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena mwaka 1978. Hii ya mjomba imebeba maharusi, wagonjwa na magunia ya nazi kati ya Kilifi na Mombasa, na kwa miaka mingi imelala nje, kwenye jua na upepo wa chumvi. Wekundu wake ulikuwa umepauka ukawa kama waridi kavu. Ukipitisha kidole, kilitoka na unga.

Unga huo una maelezo yake. Rangi ya gari ni chembe za rangi zilizoshikwa na gundi. Jua hula gundi, na chembe za juu zikikosa kishikio hubaki zimelala kama chokaa, nazo ndizo zinazoficha rangi nzima iliyo chini. Magari ya sasa yana tabaka la vanishi juu ya rangi, na vanishi hiyo ikishaanza kubanduka hakuna kusugua kutakakoirudisha. Ndiyo maana kitambaa chekundu kilimfurahisha.

Akaliosha gari mara mbili, kuanzia paa kushuka chini. Lilipokauka alivaa mfuko wa plastiki mkononi kama glavu, akapapasa mlango polepole. Nilijaribu kwa mkono mtupu nikahisi ulaini. Nilipovaa mfuko nikahisi vijipele, mamia, chembe za utomvu na vumbi la chuma zilizoganda. Plastiki hupunguza msuguano wa ngozi, kidole kikabaki na kazi moja tu ya kusikia mikwaruzo. Alivitoa vijipele hivyo kwa udongo laini wa kusafishia rangi, akiukanda kila mara ili upande uliochafuka uingie ndani.

Kazi iliyochukua siku nyingi zaidi ilikuwa matgadi ya kushoto, juu ya gurudumu. Pale palikuwa na uvimbe usiozidi sarafu. Alipoubonyeza kwa ncha ya bisibisi, rangi ilipasuka na kutu ikamwagika kama majani ya chai. Alikwangua kwa brashi ya waya, akafuata kwa msasa namba 80, akazidi kupanua kidonda mpaka chuma king'avu kikaonekana pande zote. Nilidhani anaharibu. Kumbe kutu ikiachwa hata kidogo huendelea kutembea chini ya rangi mpya, na baada ya msimu mmoja wa mvua uvimbe unarudi palepale.

Akachanganya puti na dawa ya kuigandisha juu ya kipande cha kioo, akapaka tabaka jembamba, akasubiri, akapaka jingine. Kusugua alianza na namba 80, akaenda 180, kisha 320, msasa ukiwa umezungushiwa kipande cha champali iliyokatika. Kidole peke yake huchimba mifereji, lakini mpira wa champali ni mnyoofu wa kutosha kusawazisha, na ni laini wa kutosha kufuata mviringo wa matgadi. Hata neno msasa lina asili nzuri: ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo maseremala waliyatumia kulainishia mbao.

Baada ya praima kukauka, alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alikwenda jikoni, akachukua kaa la mkaa, akalisaga, akapaka unga wake kwa kitambaa juu ya praima ya kijivu mpaka pakawa peusi kote. Kisha akasugua tena kwa mkono mwepesi. Weusi ukaondoka kila mahali isipokuwa kwenye mstari mmoja mwembamba na vitundu viwili vya ukubwa wa punje ya mtama. Mahali penye weusi ndipo palipo na bonde. Jicho langu lisingeliona bonde hilo hata kwa wiki nzima, nao mkaa ulilitaja kwa dakika tano. Alijaza, akapaka praima, akapaka mkaa, akasugua. Mara ya tatu hakukubaki doa.

Kwa rangi alichagua duko, rangi ya magari inayokauka bila kemikali ya kugandisha. Zipo rangi imara zaidi zinazochanganywa na kemikali hiyo, lakini ina isosayaneti, ambayo huweza kuwapa wapakaji pumu, na mjomba alikataa kuipuliza kwenye ua wanaochezea watoto. Naliheshimu uamuzi huo kuliko mng'aro wowote. Hata kwa duko alivaa barakoa ya vichungi na kuwaondoa watoto wote.

Duko nayo ina masharti yake pwani. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, thina inapoyeyuka hupoza rangi na kuvuta maji, na wekundu huvaa ukungu mweupe. Kwa hiyo alingoja kaskazi, akangoja umande ukauke, akamwagia ardhi maji mapema ili vumbi litulie, na saa tatu asubuhi akawasha kompresa ya kuazima. Tabaka la kwanza lilikuwa kama pumzi tu, kwa kuwa thina ya duko ni kali na ikimwagwa nyingi hukunja rangi ya zamani. Mkono wake ulianza kwenda kabla rangi haijatoka na ukaendelea kwenda baada ya rangi kukatika, umbali wa shubiri moja kutoka kwenye bati, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Matabaka matano. Kati ya moja na jingine alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, bila kugusa kitu.

Jumamosi zilizofuata alirudi kwenye mwili mzima wa gari. Rangi yote ya kiwandani, tangu praima mpaka juu, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kama karatasi ya kuandikia. Huo ndio uwanja wake wote wa kazi. Kwenye kingo, ambako rangi huwa nyembamba zaidi, alibandika masking tepu. Kwenye mikwaruzo alipitisha msasa wa maji namba 2000, mara sita au saba, akafuta, akainama kutazama kwa ubavu. Kisha kampaundi kidogo kwenye kitambaa, eneo la shubiri mbili kwa mbili, kwenda na kurudi, halafu kukatiza. Povu lilikuwa jekundu, kisha la waridi, na lilipoanza kuwa jeupe alisimama papo hapo, hata kama mkwaruzo mmoja ulikuwa bado unaonekana.

"Huu tuuache," alisema, akiugusa kwa ukucha. "Kuufikia, nitakula rangi ya miaka kumi ijayo."

Nilitazama boneti ikirudi kipande kwa kipande. Jioni ya mwisho, baada ya nta, nilisoma ndani yake matawi ya mwembe, kamba ya nguo, na uso wa mjomba aliyeinama kutafuta doa. Kiungo cha rangi mpya na ya zamani kwenye matgadi nilikitafuta sana, na nilikipata kwa sababu tu nilijua kilipo.

Kazi nzima ilichukua Jumamosi saba. Kabla ya kuingia ndani aliliwasha gari, akalihamishia upande wa pili wa ua, mbali na mwembe, kwa kuwa utomvu na kinyesi cha ndege hula rangi.