Mtawa wa Nguzoni na Mshairi Wake

Simeoni wa Syria, aliyefariki mwaka 459, aliipa dunia mgongo kwa namna ya peke yake: aliishi juu ya nguzo, si mbali na Aleppo, kwa zaidi ya miaka 30. Askofu Theodoret, aliyemwona kwa macho, ameandika kuwa mtawa huyo alipanda ili awaepuke watu waliogombania kuligusa vazi lake, na kwamba nguzo ilirefushwa kutoka dhiraa 6 hadi 36.

Alfred Tennyson, mshairi wa Uingereza, alimpa Simeoni ulimi katika shairi lililochapwa mwaka 1842. Lina mizani bila vina, na msemaji ni mmoja: mtawa mwenyewe, akiyahesabu mateso yake mbele ya Mungu mithili ya mdai mbele ya mdaiwa. Hujiita mwovu kuliko wote, na papo hapo huililia taji. Ustadi wa Tennyson umo humo: msomaji hukitambua kiburi ambacho msemaji hakioni.

Hata hivyo, shairi lina upungufu. Umati umo, lakini husikika kupitia kinywa cha Simeoni tu. Theodoret asimulia kuwa kila alasiri mtawa aliwafundisha watu na kuamua magomvi yao. Naye Evagrius, wa karne ya 6, aeleza kuwa watawa wa jangwani walimtuma mjumbe amwamuru Simeoni ashuke: akikataa, ateremshwe kwa nguvu, akitii, aachwe. Simeoni akatoa mguu ashuke.

Mguu huo haumo shairini. Tennyson alimpima mtawa kwa maneno; wazee wale walimpima kwa utiifu. Shairi limechora kiburi barabara, ila Simeoni mwenyewe hajaonekana mle.