Sauti Iliyouza Vyungu

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika nyumba isiyo na mali wala ukoo wa kujivunia, akapewa jina la Mtumwa. Alilelewa katika kazi ya ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavichoma, akajitwika na kwenda kuvichuuza mjini kwa miguu. Njiani aliimba, watu wapate kujua kuwa vyungu vimefika.

Wengi hupita hapa mbio, kana kwamba ni dhiki tu aliyoponea. Mimi naona hapa ndipo usanii wake ulipopikwa. Mchuuzi wa vyungu hana duka. Mnunuzi wake yumo jikoni, mlango umerudishwa, moto unawaka, watoto wanalia. Sauti lazima impate humo humo, imfanye auache mwiko na kutoka nje. Na anayeitoa yuko juani, mzigo kichwani: shingo haina ruhusa ya kuyumba, pumzi igawanywe kati ya hatua na wimbo. Siti alipohamia mjini mwaka 1911, Muhsin Ali wa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa akaanza kumfunza kuimba kwa ala na kwa Kiarabu. Mwalimu yule anastahili heshima yake yote, lakini pumzi ile hakuitia yeye.

Taarabu wakati huo ilikuwa starehe ya jumba la Sultani, nayo iliimbwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akavuma, na wivu haukukawia. Wapinzani wakamtungia mashairi ya kumkumbusha kaniki aliyokuja nayo mjini. Kama si sauti, wakasema, angekula nini? Akawajibu kwa wimbo: uzuri wa sura na jina la ukoo si hoja, cha kutazamwa ni akili. Mtu aliyelelewa juu ya zulia asingeweza kulitunga jibu hilo, maana asingekuwa ameonja tusi lenyewe.

Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Heshima ilioje! Lakini ukubwa wake mimi naupima kwa "Kijiti", wimbo unaomhusu mwanamke aliyeuawa Unguja. Muuaji, Kijiti mwenyewe, alitoroka, na mahakamani adhabu ikawaangukia mashahidi. Mwimbaji wa kasri angeweza kuimba mahaba usiku ule ule na kulala salama. Siti alikuwa amepita milango ya watu kama mashahidi wale, akijua neno lao halina uzito mbele ya hakimu, na alikuwa na sauti iliyozoea kuwatoa watu ndani. Akaitumia kuishitaki hukumu yenyewe, waziwazi, jina la mtuhumiwa likiwa ndani ya wimbo. Yeye alifariki mwaka 1950. Mwimbaji Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza, aliendelea kuuimba wimbo huo hadi uzeeni.