Miombo Imewaka! Rangi za Oktoba Magharibi mwa Dodoma

Jamani, msinishike! Nimetoka kuiona misitu ya miombo ya Oktoba kwa mara ya kwanza, njia ya Dodoma kwenda Tabora kupitia Manyoni na Itigi, na moyo bado unanienda mbio. Majani mekundu! Tena si wekundu wa aina moja: kuna damu ya mzee, kuna rangi ya shaba, kuna waridi, mti huu hivi na jirani yake vile. Na mvua haijadondosha hata tone!

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hufunga safari kwenda kutazama majani yanayokufa. Siku hufupika, baridi huingia, mti huvunja klorofili, ile rangi ya kijani, na manjano iliyokuwa imejificha chini yake hujitokeza. Lakini wekundu wa miombo ni wa kuzaliwa! Jani changa la mtundu au myombo hutoka limesheheni anthosianini, rangi ileile inayowasha misitu ya Kanada, kabla klorofili haijakolea. Inadhaniwa hulikinga na jua kali lingali laini. Na maji ya kulichipuza? Mizizi imezama chini, inanyonya akiba ya msimu uliopita.

Dodoma yenyewe nayo ni onyesho, ingawa la kijivu. Huku urefu wa siku haubadiliki hata kwa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo mwamuzi mkuu wa kupukutika kwa majani ni maji: milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Jani huvujisha maji kupitia vitundu vyake, basi kiangazi mti hulinyang'anya naitrojeni na fosforasi, hujenga utando wa gamba kwenye kikonyo, na kuliachia lianguke. Mbuyu husimama uchi miezi na miezi, lakini chini ya gome lake kuna tabaka la kijani linaloendelea kupika chakula kwa mwanga wa jua. Nitajieni simu inayofanya kazi ikiwa imezimwa!

Halafu yupo mkaidi, mkababu, mmojawapo wa jamii ya migunga: mvua zikianza yeye ndipo anapukutisha, kiangazi kikikaza anavaa majani. Nimempenda bure.

Kasoro? Zipo. Vumbi, na moshi wa mioto ya nyika unaoziba mandhari mchana kutwa. Vichaka vya Itigi navyo ni msongamano mkavu wa fito unaoleta usingizi. Usisinzie! Miombo yenyewe inakolea ukishavipita.

Safari hii naipa tisa kwa kumi. Hiyo moja imekatwa na moshi. Kata tiketi ya dirishani, na usisubiri Desemba: wekundu hudumu wiki chache tu, kisha yote huwa kijani.