Githeri, Chai na Safari ya Chuma

Saa saba mchana, kwenye vibanda vya kando ya viwanda vya Thika, sahani ya githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, huja na kikombe cha chai ubavuni. Maharagwe yale yana madini ya chuma. Lakini kumeza si kupata: mpaka chuma kivuke ukuta wa utumbo, bado hakijaingia mwilini.

Mdomo na tumbo huanza tu. Kazi nzito iko kwenye utumbo mwembamba, wa mita 6 hivi kwa mtu mzima. Katika sentimita 25 za mwanzo, nyongo hutawanya mafuta, na vimeng'enya vya kongosho hukata wanga wa mahindi na protini ya maharagwe. Ukuta wa ndani umejaa vijinyama kama nyuzi za taulo, kila kimoja na mishipa yake ya damu. Seli zinazoufunika huchakaa na kubadilishwa kila siku 3 hadi 5.

Chuma huvukia hapo hapo mwanzoni, na hapo ndipo chuma cha githeri hukwama. Chuma cha mimea hakipokelewi na seli mpaka kigeuzwe kikemikali. Kabla hakijageuzwa, asidi ya fitiki ya mahindi na maharagwe hukishika, kisha tanini za chai hukifunga zaidi. Kilichofungwa huishia chooni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1983 ulionyesha kwamba chai iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza ufyonzwaji wa chuma kwa asilimia 64, kahawa asilimia 39. Jirani zetu wa Ruiru, ilikozalishwa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, wazingatie hili pia: katika utafiti huohuo, kahawa ya saa moja kabla ya kula haikuzuia kitu, ya saa moja baada ya kula ilizuia sawa na ya mezani.

 

Dawa inalimwa Thika penyewe. Vitamini C ya nanasi hukigeuza chuma na kukikinga kisifungwe, mradi iliwe katika mlo uleule. Nanasi la jioni haliokoi githeri ya mchana.

Mama mwenye kibanda, tuwekee kipande cha nanasi kando ya sahani, na chai ibaki ile ya saa nne.